Biki iko mfukoni, lakini kaye iko kwa nani?

Mvua zimekwisha, mahindi yamekauka, na malori ya wanunuzi yameanza tena kupita Kasomeno kuja upande wetu wa Kilwa. Ni wakati wa mizani. Njo maana safari hii hatutaongea juu ya mbegu wala mbolea. Tutaongea juu ya chombo kimoja kidogo ambacho karibu kila nyumba iko nacho, na ambacho kwa mawazo yetu ni chombo cha shamba sawa na jembe na panga. Chombo hicho ni biki.

Tunajua wengine wataanza kucheka. Biki ni ya watoto wa shule, biki ni ya sekretere wa koperative, mkulima ana kazi gani na biki? Tusikilizane kwanza.

Msimu uliopita tulisimama pembeni ya mizani katika kijiji kimoja kando ya ziwa Mwero. Papa mmoja alileta mahindi yake tangu asubuhi, kwa kinga, safari baada ya safari, yeye na watoto wake. Mkono wa mnunuzi, kijana mwenye kaye kubwa, alikuwa anaandika. Jioni ilipofika, papa alisema ameleta mifuko 30. Kijana akafungua kaye, akapitisha kidole, akasema: "Papa, kaye iko inasema makumi mbili na munane."

Papa akaapa. Watoto wake wakaapa. Majirani wakasema papa si mtu wa uongo. Lakini mwishoni batu wote waliangalia paka ile kaye, juu haikuwa na kaye ingine ya kuangalia. Papa akalipwa mifuko 28. Hatusemi kijana aliiba. Labda alikosea, labda mifuko miwili ilipita wakati alikuwa anakula. Hatujui, na papa pia hajui mpaka leo. Mifuko 2 ya kilo 50 ni kilo 100. Tuseme kilo moja inauzwa franka 800, hapo ni franka 80 000 zilizopotea bila mtu kujua zilienda wapi. Wazee walisema zamani: mali bila daftari huisha bila habari.

Na sasa jambo lililotuuma zaidi. Siku ile nzima, papa yule alikuwa na biki mbili katika mfuko wa shati, nyeusi na buluu, zimesimama vizuri kama za prezida wa mkutano. Hazikuandika hata neno moja.

Tangu siku ile tumekuwa tunaifikiri hii biki. Imetoka wapi? Nani aliitengeneza? Na juu ya nini tunaiita biki? Tulipotafuta, tulikuta habari ambayo inafaa sana kwa mkulima anayeuza mazao yake, njo maana tunawaletea.

Wengi wetu tunafikiri kwamba mtu aliyevumbua biki alikuwa anaitwa Bic. Haina vile. Mtu aliyeifanya iandike kweli alikuwa anaitwa László Bíró. Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1899 katika mji wa Budapest, inchi ya Hungaria. Alikuwa mwandishi wa magazeti. Wakati ule batu waliandika kwa stilo, kalamu inayojazwa wino mwepesi kama maji. Wino ule ulikuwa unachelewa kukauka, unachafua vidole, unapakaza karatasi, na mara nyingine unavuja mpaka kwenye shati. Mtu anayeandika kutwa nzima anachoka na mambo kama hayo. Bíró alichoka.

Lakini aliangalia pia. Alipokuwa akienda kwenye masine za kuchapia magazeti, aliona kwamba wino wa gazeti unakauka haraka na haupakazi. Akajiuliza: kwa nini tusiandike na wino huo? Akaujaribu katika stilo. Ulikataa. Ulikuwa mzito sana, haukuweza kushuka kwenye ncha. Hapo wengi wangeacha. Yeye alisema: kama wino ni mzuri na ncha ndiyo inakataa, basi tubadilishe ncha.

Akaweka kwenye ncha kigololi kidogo sana cha chuma, kinachozunguka ndani ya nyumba yake kama vigololi vinavyozunguka ndani ya gurudumu la kinga. Upande wa ndani kigololi kinagusa wino, upande wa inje kinagusa karatasi. Kikizunguka kinachukua wino ndani na kuulaza juu ya karatasi. Kikisimama kinafunga mlango, na wino hauvuji wala haukauki ndani. Chukua biki yako sasa, iangalie karibu na jicho, utakiona.

Wazo la kigololi halikuwa jipya. Mumarekani mmoja, John J. Loud, alikuwa ameliandikisha mwaka 1888, kwa ajili ya kuandika alama juu ya ngozi za nyama. Lakini kalamu yake haikufaa kwa karatasi. Basi Bíró hakuanza na shamba tupu. Alichukua shamba ambalo mwingine alilima na kuliacha, akatafuta kosa liko wapi. Na hakutafuta peke yake. Alikuwa na ndugu yake György, aliyejua mambo ya kemia, na huyo njo alihangaika na wino: ukiwa mwepesi unavuja, ukiwa mzito unakwama. Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena, miaka. Sisi tunaoshughulika na mashamba ya majaribio tunaijua kazi hiyo. Mtu anayeona mahindi mazuri mwezi wa nne hakuona mistari iliyokufa miaka iliyotangulia.

Bíró hakuwa mtu wa kalamu tu. Alifanya kazi pia juu ya masine ya kufulia nguo, na juu ya giaboksi ya gari inayobadilisha vitese yenyewe. Alikuwa mtu wa namna ile ambayo tunaijua hata vijijini kwetu: akiona kitu kinasumbua batu, hawezi kulala.

Na mara wazo lake lilipokomaa, alifanya jambo moja ambalo tunaomba mlishike: aliliandika. Mwaka 1938 aliomba breve, ni kusema karatasi ya serikali inayoshuhudia kwamba wazo hili ni la fulani. Mwaka uleule, sheria za kubagua Wayahudi zilitolewa Hungaria, na yeye alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Akatoka katika inchi yake, akapitia Ufaransa, mwishoni akafika Argentina, upande ule wa bahari kubwa. Aliacha nyumba, aliacha masine. Wazo lake alienda nalo. Kule Argentina, tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 1943, akaandikisha tena kalamu yake iliyokuwa imeboreshwa. Rafiki yake Juan Jorge Meyne alikuwa pamoja naye, na kalamu wakaiita kwa majina yao mawili yaliyounganishwa: birome. Mpaka leo mtoto wa shule wa Argentina akitaka biki anasema birome. Jeshi la ndege la Uingereza lilinunua 30 000 wakati wa vita, kwa sababu stilo ilikuwa inavuja ndege ikipanda juu, na hii haikuvuja.

Sasa fungueni masikio, hapa njo mambo ya soko yanaanza.

Mwaka 1945 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Milton Reynolds, aliiona kalamu ya Bíró, akarudi kwao, akatengeneza ya kwake yenye kubadilishwa kidogo ili sheria isimshike. Mwezi wa 10 akaanza kuiuza katika duka kubwa la New York, dola 12 na nusu kwa kalamu moja. Siku ya kwanza tu ziliuzwa kama 10 000. Bíró hakuwa pale.

Kisha akaja Mufaransa, Marcel Bich. Huyu alikuwa na kiwanda karibu na Paris. Alilipa ili kupata haki ya kutumia wazo la Bíró, akatafuta namna ya kutengeneza kalamu ile kwa bei ndogo kabisa, na mwezi wa 12 mwaka 1950 akaitoa sokoni. Aliiandika jina lake mwenyewe, lakini alitoa herufi ya mwisho: Bic. Akaipa pembe sita kama kreyo ya mbao, isiviringike na kuanguka kutoka kwenye meza. Akaifanya ionekane ndani, ujue wino umebaki kiasi gani. Ni hiyohiyo uliyonayo mfukoni. Kabla ya mwaka 2006 kuisha, kampuni yake ilikuwa imekwisha kuuza zaidi ya miliardi 100.

Njo vile mtu mmoja aliumiza kichwa, na jina la mwingine likakaa mdomoni mwetu. Waingereza bado wanasema biro, na ndugu zetu wa Kenya pia. Sisi tunasema biki. Bíró alikufa Buenos Aires mwaka 1985, na kule Argentina siku aliyozaliwa, tarehe 29 mwezi wa 9, wameifanya kuwa siku ya wavumbuzi. Lakini katika kijiji cha Kilwa, nani amesikia jina lake?

Mkulima anaelewa habari hii bila kufundishwa. Unalima, unapalilia, unalinda na nyani, unavuna, unakausha. Kisha lori linapita, na kule Lubumbashi unga unauzwa ndani ya mfuko wenye jina la mtu mwingine. Hakuna anayesema "unga wa Kilwa." Na hata biki yenyewe, tukiifikiri sawasawa, si mgeni kwetu. Ile ncha ya rangi ya njano kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki. Kile kigololi ni cha madini magumu sana ya tangisteni, na unga wa madini hayo mara nyingi hushikanishwa na kobalti. Shaba na kobalti! Mtoto gani wa Katanga hayajui majina hayo? Inchi yetu ndiyo ya kwanza duniani kwa kutoa kobalti. Hatuwezi kusema kwamba shaba ya biki yako ilitoka kwetu au ilitoka Chile. Lakini tunajua mwendo: kitu kinatoka bila jina, kinarudi na jina la mwenye kiwanda, na tunakinunua.

Lakini tusiwe watu wa kulalamika bila kufikiri. Kuna mambo mawili lazima tuyaseme kwa haki.

La kwanza: Bich hakuwa mwizi. Alilipa. Na bila yeye, biki labda ingechelewa kufika mikononi mwa batu wa kawaida. Yeye njo aliifikisha mpaka Kilwa. Sawa vile mnunuzi: yeye njo anayehatarisha lori lake katika matope ya barabara yetu, na bila yeye mahindi yangeliwa na wadudu katika gala. Hatuhitaji adui. Tunahitaji mtu wa kufanya naye biashara, na biashara inataka pande mbili zenye kujua hesabu.

La pili, na hili ni kubwa zaidi: juu ya nini Bich alilipa? Alilipa kwa sababu Bíró alikuwa na karatasi. Kama wazo lingekuwa kichwani tu, Bich angelichukua akaenda zake, na sisi tusingejua hata kama kulikuwa na mtu anaitwa Bíró. Reynolds mwenyewe alilazimika kubadilisha kalamu kwa sababu aliogopa karatasi ile. Karatasi haikumfanya Bíró kuwa tajiri kama Bich. Lakini ilimpa mahali pa kusimama. Haya ndiyo mawazo yetu leo, na tunayasema wazi: karatasi haikufanyi tajiri, lakini bila karatasi hata kugombana huwezi. Yule papa wa mifuko 28 hakushindwa juu ya kukosa haki. Alishindwa juu ya kukosa mahali pa kusimama.

Na kabla ya kuwanyooshea wanunuzi kidole, tujinyooshee sisi wenyewe, sisi maagronomu.

Miaka michache iliyopita, memba mmoja wa koperative kando ya ziwa alikuwa amechoka na mistari ya mahindi inayopinda. Tulikuwa tumemfundisha sentimetre 75 kati ya mistari na sentimetre 25 kati ya mashimo, kwa mbegu moja moja, ambayo inatoa kama mimea 53 000 katika hekta. Lakini kupima kila shimo kwa fimbo kunachukua siku nzima. Yeye, mtu wa nyavu kama batu wote wa pale, alichukua kamba ya wavu wa zamani, akafunga fundo kila sentimetre 25, na kila baada ya mafundo matatu akafunga kipande cha kitambaa chekundu, ni kusema kila sentimetre 75. Kamba moja inapima mambo mawili: ukiivuta kwa urefu inaonyesha mashimo, ukiivuta kwa kukata shamba vitambaa vinaonyesha mistari. Na juu kamba ya wavu haivutiki sana hata ikilowa, kipimo kinabaki kilekile. Bibi yake na watoto wawili walipanda shamba zima wakati jirani bado alikuwa anapima nusu.

Tuliifurahia. Tuliipiga picha. Tuliipeleka katika vijiji vingine. Na katika ripoti tuliandika nini? Tuliandika "kamba ya mradi." Jina la mtu halikuwemo. Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tuliandika haraka, usiku, na ripoti ilikuwa imechelewa. Lakini leo ukiuliza katika vijiji vile nani aliitengeneza, batu wanajibu: "Ni ya mradi." Yule papa anasikia hivyo na kunyamaza. Sisi tulikuwa na biki, yeye hakuwa na kaye. Tulimfanyia vibaya kuliko Bich alivyomfanyia Bíró, juu Bich aliuliza na kulipa, na sisi hata kuuliza hatukuuliza.

Tulienda kumuomba radhi mwaka huu. Alicheka, akatupa samaki wa kurudi nao. Lakini alisema neno ambalo tunalibeba: "Munaandika sana, lakini hamutuandike."

Basi tufanye nini? Tutoe mawazo yetu, na nyinyi katika mikutano yenu muyapime.

Tunataka kila memba awe na kaye yake mwenyewe kwenye mizani. Tunasema kila memba, si sekretere peke yake. Kaye ya koperative ni lazima, na sheria pia inaitaka: sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyokubaliwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, inatugusa sisi pia tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, na inasema koperative iwe na kitabu cha memba kwenye makao yake. Lakini kaye ya koperative ni ya wote, na ya wote mara nyingi ni ya yule anayeishika. Kaye yako ni yako. Kaye ndogo ya shule na biki moja vinanunuliwa kwa feza ya kilo chache za mahindi.

Ndani yake andika mambo sita tu: tarehe, aina ya mazao, hesabu ya mifuko, kilo za kila mfuko, bei ya kilo moja, na feza uliyopokea au deni lililobaki. Andika kila mfuko unaposhuka kutoka kwenye mizani, usingoje jioni. Kilo za kila mfuko ni jambo kubwa, juu batu wengi wanaandika "mfuko wa 50" bila kuangalia. Ukipoteza kilo 2 kwa kila mfuko, katika mifuko 30 umepoteza kilo 60, ni kusema umemzawadia mtu mfuko mzima na zaidi. Mwishoni mnunuzi aweke sinyatire katika kaye yako, na wewe katika yake. Kama hesabu hazilingani, mutarudia kupima mifuko ikiwa bado iko pale, si baada ya lori kuondoka.

Tena, shauri dogo: karatasi ikilowa au ikiwa na mafuta, kile kigololi kinateleza na biki inakataa. Weka kaye ndani ya plastiki, na uwe na kreyo pembeni. Kreyo inaandika hata wakati biki imegoma.

Wengine watasema: "Sisi hatujui kusoma." Jibu la neno hilo hatukulitoa chuoni. Tulilipata kwa mama mmoja siku ileile ya mifuko 28. Yeye alikuja na karanga na mihogo mikavu. Hajakanyaga shule. Lakini alikuwa na kaye ya mtoto wake, kurasa za nyuma zilizobaki. Ukurasa wa karanga alichora karanga, ukurasa wa mihogo alichora muhogo. Kila mfuko uliopita, alivuta mstari mmoja. Mfuko wa tano aliukata kwa kulaza mstari juu ya mingine. Kijana wa mnunuzi alipomsomea hesabu yenye mfuko mmoja kupungua, mama hakuapa. Alifungua kaye, akamwonyesha. Akasema: "Miye sijui kusoma, mutoto wangu. Lakini mifuko yangu najua kuihesabia. Hesabia na weye." Kijana akahesabu mistari, akarudia kuhesabu mifuko, akaongeza mmoja. Hakuna kelele. Ilichukua dakika mbili.

Wengine watasema: "Tukianza kuandika, mnunuzi atakasirika, atapita kwenda kijiji kingine." Woga huo una sababu, hatuuchekei. Mtu mmoja mwenye kaye anaweza kuachwa. Lakini memba wote wakiwa na kaye, na kijiji kinachofuata kiko vilevile, lori litaenda wapi? Kwa jambo hilo mliunda koperative. Anzeni siku moja, wote, na mumwambie mnunuzi mbele, kwa heshima, kabla hajashusha mizani yake. Mnunuzi mzuri atapenda, juu naye pia anaibiwa na makosa ya watu wake.

Na kaye hiyo isiishie kwenye mizani. Kurasa za mwisho wekeni kwa mambo mnayoyajaribu. Umepanda tarehe gani, mvua ya kwanza ilifika lini, mbegu gani, ulibadilisha nini, kikatoka nini. Kila kijiji kina Bíró wake: mtu wa kamba ya mafundo, mama mwenye namna yake ya kuweka maharagwe yasiliwe, kijana aliyefanya masine ya kupukuchua mahindi na vipande vya kinga. Vitu hivyo vinakufa na wenyewe kwa sababu havikuandikwa, au vinachukuliwa na wageni kama sisi na kupewa jina la mradi.

Kwa upande wetu tunaahidi jambo moja, na mtushike nalo. Kuanzia sasa, tukichukua ufundi wa memba kuupeleka kijiji kingine, tutamuuliza kwanza kama anakubali, na jina lake litaenda pamoja na ufundi wake, katika ripoti na katika mdomo wetu mbele ya batu. Tukisahau, simameni katika mkutano mtukumbushe. Na yule papa wa kando ya ziwa, tumekwisha kumpelekea kaye. Ukurasa wa kwanza amechora kamba yake mwenyewe, na vitambaa vyekundu ameviweka kwa biki nyekundu.

Lori la kwanza litafika kabla ya mwezi kuisha. Angalieni katika mifuko ya shati. Biki iko. Sasa tafuteni kaye.